Korongo weupe na viwavijeshi: nani kamfuata nani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima na mfugaji wa Basotu, wilaya ya Hanang. Mwezi Januari, jua kali lilipofuatiwa na mvua kubwa, malisho yetu yaliingiliwa na viwavijeshi. Siku hizo hizo wakashuka ndege wakubwa weupe wenye miguu myekundu, mamia kwa mamia. Wazee wanasema ndege hao ndio wanaokuja na viwavi, na vijana wakaanza kuwapiga kwa manati na marungu. Mmoja aliyekufa tulimkuta na pete mguuni, ina herufi na namba. Ndege hawa wanatoka wapi? Wanakula mazao? Tuwafukuze au tuwaache? Na pete hiyo tuifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, asante kwa kuuliza kabla mambo hayajaharibika zaidi. Nianze na lile linaloweza kufanyika leo: waambie vijana waweke manati chini. Mliowaona ni korongo weupe, na hawali ngano, mahindi wala mtama wenu. Ipo siku moja tu ambayo mimi mwenyewe ningekushauri uwafukuze shambani, nayo nitaieleza nikifika kwenye habari ya dawa.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia ndege mmoja. Korongo mweupe anasimama kimo cha mita moja hivi, mwili mweupe, nusu ya nyuma ya bawa ni nyeusi, mdomo mrefu mwekundu na miguu mirefu myekundu. Akitandaza mabawa anaweza kupita mita 2. Usimchanganye na yangeyange, yule mdogo mweupe anayefuata ng'ombe. Katika kundi lile lile huenda mliona pia korongo wadogo zaidi, mgongo mweusi na tumbo jeupe. Hao ni korongo wa Abdim, wanaozaa katika nchi za Saheli kama Sudan na kushuka kwetu msimu huu huu kwa sababu zile zile. Nao hawana kosa.

Korongo mweupe anakula anachokiona kikitembea: panzi, nzige, viwavi, mende, nyenje, vyura, panya, mijusi, hata nyoka wadogo. Hutembea polepole kwenye nyasi fupi au maji ya kina kifupi, kundi zima limejipanga kama mstari, kila mmoja akiokota kwa ncha ya mdomo na kumeza kizima. Nafaka hamezi, labda punje iliyoshikamana na mdudu. Ushahidi mnao hapo hapo Basotu. Nendeni asubuhi mahali kundi lilipolala, chini ya miti mikubwa au kando ya maji. Mtakuta vidonge vikavu walivyotapika, kwa sababu kisichosagika tumboni hukirudisha kwa mdomo. Pasueni kadhaa mbele ya wazee. Mtaona magamba ya wadudu yanayong'aa, miguu ya panzi, manyoya ya panya. Naamini mzee anayeheshimu macho yake mwenyewe atasadiki vidonge hivyo kuliko maneno yangu.

Sasa hoja ya wazee wenyewe, maana si hoja ya kupuuza. Wameona mambo mawili yakitokea pamoja mwaka hadi mwaka, na kweli hutokea pamoja. Kinachokosekana ni kile kilichotokea kabla, usiku, pasipo mtu kukiona.

Viwavijeshi wanatoka kwenye mayai ya nondo wa rangi ya kijivu na kahawia, anayeruka usiku. Nondo hawa hubebwa na upepo mamia ya kilomita. Hapa Tanzania milipuko ya kwanza ya msimu mara nyingi huonekana maeneo ya Morogoro na Dodoma, na kizazi kinachofuata kinaweza kusukumwa na upepo kuelekea kaskazini, mpaka Kenya na kupita huko. Upepo unapokutana na mvua ya radi, huwakusanya nondo na kuwashusha mahali pamoja. Jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa, wakati mwingine hadi elfu moja. Mayai huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 5. Viwavi wachanga ni wa kijani, wanajificha kwenye nyasi na hakuna mchungaji anayewatambua. Wakisongamana hubadilika kuwa weusi wenye mistari, hutoka hadharani na kuanza kusonga pamoja. Hapo ndipo mtu anawaona, na hapo ndipo korongo naye anawaona. Ukihesabu siku kurudi nyuma, mayai yalikuwa yameshatagwa wiki moja hadi mbili kabla korongo wa kwanza hajatia mguu kwenye malisho yenu.

Ulivyoeleza, jua kali kisha mvua kubwa, ni hali inayojulikana sana kwa kuzaa milipuko mibaya. Nyasi changa zinachipua kwa wingi, huku wadudu na magonjwa yanayowapunguza viwavi hayajapata nguvu baada ya ukame.

Na kama wazee bado wana shaka, waulizeni kuhusu viwavi wa Aprili na Mei. Miezi hiyo milipuko hutokea vilevile, lakini korongo weupe wengi wameshaondoka. Wangekuwa wao ndio wanaowaleta, Aprili pangekuwa salama.

Wameondoka kwenda wapi? Ulaya, nyumbani kwao pa kuzaa. Jibu hili tunalichukulia kama jambo la kawaida siku hizi, lakini Wazungu wenyewe walihangaika nalo karne nyingi. Waliona korongo wakitoweka kila mwaka kiangazi chao kinapoisha, na wapo wasomi walioamini kwamba ndege wengine hulala chini ya maji wakati wa baridi. Kisha mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mshale shingoni, karibu sentimita 80 urefu, uliotengenezwa Afrika ya Kati. Alipigwa huku Afrika, hakufa, akaruka nao hadi kiotani kwake. Ndege huyo alikaushwa, na mpaka leo yupo Chuo Kikuu cha Rostock pamoja na mshale wake. Mimi huipenda habari hii kwa sababu aliyewafundisha wasomi wa Ulaya ndege wao wanakwenda wapi ni mwindaji wa Kiafrika ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Pete zilikuja baadaye. Mwaka 1899 mwalimu wa Kidenmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za chuma zenye namba. Mwaka 1906 Johannes Thienemann akaanza kuwavisha korongo katika kituo cha Rossitten, kwenye pwani ya Baltiki, na miaka michache baadaye taarifa za pete zake zikaanza kurudi kutoka Afrika. Leo wengine hubeba mgongoni kifaa kidogo kinachotuma taarifa kwa setilaiti. Korongo jike mmoja wa Ujerumani, aliyepewa jina la Prinzesschen, alifuatiliwa hivyo kuanzia 1994 mpaka alipokufa Afrika Kusini mwishoni mwa 2006.

Njia yao imeamuliwa na hewa. Korongo ni mzito, kilo 2 na nusu hadi 4 na ushee, na kupiga mabawa safari nzima kungemmaliza. Kwa hiyo husubiri ardhi ipate joto, kwa kawaida asubuhi jua likishapanda, kisha huingia kwenye hewa ya moto inayopanda, huzunguka nayo juu bila kupiga bawa, na akifika juu hutambaa hewani kwa mteremko mpaka hewa nyingine. Nina hakika mmewaona kwenye saa nne au saa tano wakizunguka juu ya Hanang kundi zima, mpaka wakawa vidoa. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo haipandi vizuri, ndiyo maana hawavuki Mediterania katikati. Wa magharibi hupitia mlango wa Gibraltar na kuishia zaidi Afrika Magharibi. Wa mashariki, ambao ndio wageni wetu, huondoka Agosti, hupita Uturuki kwenye mlango wa Bosporus, wanashuka kupitia Syria, Israeli na Sinai, kisha Misri na Sudan. Huko Sudan na Chad hukaa wiki kadhaa wakila na kunenepa. Nyasi zikikauka huko, hushuka kuelekea kwetu, na wengine hufika hadi Afrika Kusini, mwendo wa karibu kilomita 10,000 kutoka Poland. Poland ndiyo nchi yenye wengi zaidi. Hesabu ya kimataifa ya 2004 na 2005 ilikuta jozi zinazozaa zipatazo 230,000 kwa jumla, na zaidi ya 50,000 kati yake zilikuwa Poland peke yake.

Wakiwa huku hawana kiota cha kurudi kila jioni. Hutangatanga wakifuata mvua: wiki hii Serengeti, wiki ijayo Ngorongoro, kisha mashamba ya ngano ya Karatu au mbuga za Wembere. Korongo mmoja akishuka mahali penye chakula, walio angani huona na kushuka pia. Hivyo mamia mliyoyaona hayakutumwa na mtu wala hayakupanga. Yaliona viwavi wenu kutoka juu.

Swali la haki linalofuata ni hili: je, korongo wanaweza kuokoa shamba? Nitakujibu kwa unyoofu, kwa sababu wapo wapenzi wa ndege wanaoahidi mengi mno. Kwenye mlipuko mkubwa, hapana. Fanya hesabu. Viwavi 100 tu kwa mita moja ya mraba, na milipuko mikubwa hupita 1,000, ni viwavi wapatao 400,000 kwa ekari. Hata kundi la korongo 500 halimalizi ekari nyingi za namna hiyo kabla mahindi hayajabaki vijiti. Nafasi yao kubwa naiona kwingine. Viwavi wakiwa wachache na wametawanyika, kila anayeliwa anahesabika. Waliobaki baada ya dawa, au wanaokaribia kuingia ardhini kubadilika kuwa nondo, wakiliwa ni nondo pungufu wa kwenda kutaga kwa jirani. Ndivyo ilivyo pia kwa panzi, na kwa nzige wekundu wanaozaliana kwenye mbuga zinazofurika za Wembere, Malagarasi, Iku-Katavi na bonde la Rukwa: ndege hawaui wimbi lililokwisha kupanda, ila wanasaidia lisipande. Na hiyo ni kazi inayofanyika kila msimu, bila malipo na bila bomba.

Basi shamba lako lilinde wewe mwenyewe, na ulilinde mapema. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya jua refu, kagua nyasi na mahindi machanga kila baada ya siku mbili. Tafuta majani yaliyokwanguliwa upande mmoja yakabaki kama kioo. Hiyo ni kazi ya viwavi wachanga, na huo ndio wakati wa kumwita bwana shamba. Wataalamu wa serikali hutumia mitego yenye harufu ya nondo jike kujua nondo wameingia wapi, kwa hiyo taarifa yako inaweza kuonya kata nyingine. Viwavi wakishafika urefu wa sentimita 3, wanene na wazito, wanakaribia kujifukia ardhini. Ukipulizia wakati huo unatupa pesa, kwa sababu hasara imeshatokea. Na ukiona viwavi wengi wamekufa wakining'inia kwenye ncha za majani, wamelegea, wamepatwa na ugonjwa wao wa asili. Usipulizie. Ugonjwa huo utaendelea na kazi.

Kama jeshi linatoka kwenye malisho kuelekea shambani, mtaro wenye kuta zilizonyooka kuzunguka shamba bado ni kinga nzuri, na korongo watakuja kuokota humo humo. Ila kama viwavi wenu ni wale vamizi waliotoka Amerika, walioonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, mtaro hausaidii sana, wala korongo. Hao hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, ndege mwenye mdomo mrefu kiasi gani hawafikii kirahisi. Ushauri wao ni mwingine.

Sasa ile siku ya kuwafukuza. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viwavi na nzige, hasa za kundi la oganofosfeti kama fenitrothioni, hushambulia mishipa ya fahamu. Haziui mdudu tu. Kiwavi aliyepuliziwa hafi papo hapo. Hujinyonganyonga juu ya ardhi, na hicho ndicho kinachovuta jicho la korongo kuliko kiwavi mzima. Ndege anakula mamia yao kwa asubuhi moja, na sumu ndogo iliyo katika kila mmoja inajumlishwa tumboni mwake. Kwa hiyo siku ya kupulizia, na siku zinazofuata ambazo kibandiko cha dawa kinakataza mifugo kuingia, wekeni watoto wakubwa au vijana kandokando ya eneo lililopuliziwa, mbali na mvuke wa dawa, wapige madebe na kupunga nguo. Vijana waliokuwa na manati wanafaa sana kwa kazi hii. Msifukuze kwa kupiga. Kelele zinatosha, maana korongo ana haya na malisho mengine yapo jirani.

Pulizieni sehemu iliyoshambuliwa tu, si mbuga nzima, na msioshe mabomba kwenye lambo wala pembeni mwa ziwa Basotu. Vyura na samaki wadogo wa hapo ni chakula cha korongo, lakini maji ni yenu.

Na tafadhali, ndege aliyeokotwa amekufa asiliwe, hata kama anaonekana mnene. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, kumekuwa na watu wanaotega korongo wa jamii nyingine kwa konokono waliowekewa kabofurani, dawa kali ya kuulia wadudu, kisha kuwauza kama kitoweo. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha. Korongo aliyekufa mkiwa mmepulizia karibu mfukieni, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni. Kumpiga aliye hai ni kosa pia chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wahamao wa majini unaounganisha Afrika na Ulaya. Sheria naitaja ili mjue ipo. Sababu yangu kubwa ni kwamba korongo huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu au minne, huangua makinda machache kwa mwaka, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Rungu moja linakata misimu mingi. Ulaya wanajua uchungu huo: kufikia 1950 Uswisi ilikuwa haina hata jozi moja inayozaa, ikabidi Mswisi mmoja, Max Bloesch, aanze kuwarudisha kwa kuleta ndege kutoka nje, kazi iliyochukua miongo.

Kuhusu pete. Ipo ya chuma na ipo nyeusi ya plastiki yenye maandishi meupe, na ndege mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili. Kwa ndege aliye hai msiivue kamwe. Someni kwa darubini au pigeni picha kwa simu. Kwa huyu aliyekufa, piga picha ya pete pande zote ili kila herufi na namba isomeke, pamoja na jina la mji au taasisi lililochorwa. Andika tarehe aliyopatikana, jina la kijiji, namna alivyokufa kama mnajua, na kama alikuwa peke yake au kundini. Ukweli kwamba alipigwa usiufiche, hakuna anayemtafuta mtu, na taarifa ya uongo inaharibu hesabu za miaka mingi. Peleka taarifa hizo Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, iliyopo Arusha, au zijaze mwenyewe kwenye tovuti ya EURING, muungano wa vituo vya Ulaya vinavyovisha ndege pete. Kwa kawaida hurudishiwa jibu linaloeleza ndege alivishwa wapi na mwaka gani. Lisomeeni kwenye mkutano wa kijiji.

Mkimkuta mwenye kifaa kidogo mgongoni, chenye waya mwembamba, msiogope. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo mwenye kifaa kama hicho alikamatwa akishukiwa kuwa jasusi, mpaka wataalamu walipothibitisha ni cha kufuatilia safari yake. Akiwa hai mwacheni aende. Akiwa amekufa, toeni kifaa bila kukivunja, kiwekeni kivulini mahali pakavu, na kipelekeni pamoja na taarifa ya pete. Ndani yake huenda kuna safari nzima ambayo bado haijatumwa.